Msimbo wa maumivu ya figo yasiyojulikana sababu: N23, R10.4 au M54.5?

BintiMtambwe

Assalaam alaykum ndugu zangu wa kumbukumbu za afya, pamoja na matabibu mliomo humu.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika hospitali moja ya Pemba. Kazi yangu ni kusoma mafaili ya wagonjwa, waliolazwa na wasiolazwa, kisha kuingiza kwenye kompyuta misimbo ya ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, inayolingana na kile alichoandika tabibu. Kuna maandishi yanayonikwamisha karibu kila wiki, nayo ni maneno matatu tu: "maumivu ya figo". Hapana sababu iliyotajwa, na mara nyingi hata upande hautajwi. Mkuu wangu ameniambia niweke N23, msimbo wa mshipo wa figo (maumivu makali ya figo yanayokaza na kuachia), kwa wote ili kazi isonge, lakini moyo wangu haujatulia, kwa sababu nikiyasoma mafaili yenyewe naona wagonjwa hawa hawafanani hata kidogo.

Naomba nieleze matatu niliyonayo mezani. La kwanza ni la kijana wa miaka 34, mchuma karafuu, aliyefika alfajiri amejikunja na mkono haubanduki ubavuni. Tabibu ameandika kwamba maumivu yalianza ghafla saa nane usiku upande wa kulia, yanakaza na kuachia, yanashuka hadi kinenani, ametapika mara mbili, hana homa, na kijiti cha mkojo kimeonyesha damu ya alama mbili. Ultrasaundi haikufanyika siku ile kwa sababu mpimaji hakuwepo. Alichomwa sindano ya kutuliza maumivu, akapewa siku ya kurudi. Kwenye mstari wa utambuzi imeandikwa: "Maumivu ya figo, sababu haijajulikana. Ama jiwe, ama maambukizi."

La pili ni la mama wa makamo, mkulima wa mwani, anayelalamika kwamba "figo zote mbili" zinamuuma kwa miezi mitatu, zaidi anapoinama kufunga mwani kwenye kamba. Mkojo wake ni safi. Utambuzi: "Maumivu ya figo."

La tatu ni la mtoto wa miaka 11, mwanafunzi wa skuli, ambaye mama yake amemleta kwa sababu anakojoa damu mwisho wa haja ndogo na anasema ubavu unamuuma. Utambuzi umeandikwa vile vile: "Maumivu ya figo, mkojo wa damu."

Nilipotafuta kwenye intaneti nikakuta R10.A1 kuwa ndiyo ya maumivu ya ubavu wa kulia, lakini programu yetu inaikataa. Nikakuta pia R10.9, nayo imekataliwa. Je, tatizo ni programu au ni mimi? Na je, ni sahihi kuwaweka wote watatu chini ya N23? Nitashukuru kwa maelezo yenye sababu, si jibu la msimbo peke yake, maana nataka nikisimama mbele ya mkuu wangu niwe na la kumwambia.

MzeeWaFaili

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali lako ni zuri, na mafaili matatu uliyoyachagua yanatosha kufundishia darasa zima.

Nianze na programu, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Programu haina kosa. ICD-10 tunayoitumia ni ile ya Shirika la Afya Duniani, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1990. Marekani wana toleo lao lililopanuliwa kwa mahitaji yao ya malipo, na mengi unayoyakuta ukitafuta kwenye intaneti yanatoka huko. R10.A1 ni msimbo wa toleo hilo la Marekani, na umeanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2025 tu. R10.9 nayo ni yao. Katika kitabu chetu R10 inaishia R10.4, yaani maumivu mengine ya tumbo na yale yasiyofafanuliwa. Hata M54.5, ambayo kwetu ni msimbo kamili wa maumivu ya kiuno, wao wameigawa misimbo mitatu tangu Oktoba 2021. Basi ukiona msimbo wenye herufi katikati au wenye tarakimu nyingi kuliko kawaida, uache, na urudi kwenye juzuu zako.

Sasa N23. Ukifungua juzuu ya tatu, yaani kielezo, ukatafuta neno la maumivu na chini yake figo, utaelekezwa N23. Kwa hiyo mkuu wako hakubuni, na mtu asimlaumu. Jambo ambalo kielezo hakikuambii ni pale msimbo huo ulipokaa. Fungua juzuu ya kwanza, sura ya 14, uone: N23 ni mshipo wa figo usiofafanuliwa, na umewekwa ndani ya kundi la N20 hadi N23, ambalo jina lake ni mawe ya njia ya mkojo. Maana yake ni kwamba taarifa ya mwaka ikijumlishwa kwa makundi, kila N23 uliyoingiza inahesabiwa pamoja na wagonjwa wa mawe. Yule mama wa mwani, ambaye pengine figo zake hazina hata chembe ya ugonjwa, anakwenda kuongeza hesabu ya mawe ya figo Pemba. Ndiyo sababu ninakuunga mkono kwamba moyo wako usitulie. Kule wanakoagiza dawa na kupanga mashine hawaoni faili, wanaona hesabu.

Tena N23 haina tarakimu ya nne. Nimewahi kukuta kumbukumbu za miaka miwili zimejaa N23.0 na N23.9, misimbo ambayo haipo popote duniani, kwa sababu karani aliyetangulia alidhani kila msimbo lazima uwe na nukta. Programu ikilazimisha nafasi ya nne ijazwe, juzuu ya pili inapendekeza kuweka herufi X, basi.

Kwa kijana wa karafuu, N23 ni msimbo wake wa haki. Maumivu yanayokaza na kuachia, yanayoshuka hadi kinenani, pamoja na damu kwenye mkojo, huo ndio mshipo wa figo wenyewe. Wala usihangaike na R10.4 kwa faili hili, kwa kuwa chini ya R10 kitabu kimesema waziwazi kwamba mshipo wa figo unaondolewa hapo na kupelekwa N23, na maumivu ya mgongo yanaondolewa na kupelekwa M54.

Hata hivyo ipo kanuni ambayo lazima uielewe vizuri kwa sababu ya yale maneno "ama jiwe, ama maambukizi". Juzuu ya pili inasema kwamba ikiwa hadi mwisho wa huduma ugonjwa mkuu umeandikwa kuwa "unashukiwa", na hapana ufafanuzi zaidi, uuwekee msimbo kana kwamba umethibitishwa. Kwa hiyo kama tabibu angeandika "jiwe la figo linashukiwa" na akaishia hapo, N20.0 ingekuwa halali. Lakini pale dalili imeandikwa kuwa ndiyo tatizo kuu, na sababu zikatajwa mbili za kushindana, inatumika kanuni ya MB5: unachukua dalili, unaziacha zile sababu mbili. Faili lako ni hili la pili. Utaona tena mtandaoni Wamarekani wakisema kwamba kwa mgonjwa wa nje ugonjwa unaoshukiwa hauwekewi msimbo kabisa. Hiyo ni kanuni ya kwao na wana sababu zao. Usiichanganye na ya kwetu.

Kuhusu mama na mtoto, mimi nisingeandika msimbo wowote kabla ya kurudi kwa tabibu na faili mkononi. Karani hatambui ugonjwa. Lakini karani ana haki, na ninasema ana wajibu, wa kuuliza pale maandishi ya ndani ya faili yanaposema jambo moja na mstari wa utambuzi ukasema jingine.

TabibuShamba

Assalaam alaykum. Mzee amesema yote ya misimbo, nami sina la kumrekebisha. Niseme ya upande wetu wa matabibu, kwa kuwa kosa linaanzia kwetu, na nakiri kwamba nami nimeandika "maumivu ya figo" mara nyingi kuliko nilivyostahili.

Dada, sababu yake ni lugha. Mgonjwa wa Pemba akiingia, mara nyingi hasemi kiuno kinamuuma, anasema "figo langu", huku kiganja amekibandika juu ya nyonga, mahali ambapo hapana figo. Mwengine atasema chango, na chango kwa wazee wetu ni neno pana, linabeba maumivu ya tumbo, ya kizazi na ya kinena kwa pamoja. Tabibu mwenye foleni ya watu arubaini anaandika alichosikia, kisha wewe unageuza alichosikia kuwa msimbo. Kwa hiyo lile neno linalofika kwenye taarifa ya wilaya ni la mgonjwa, na hakuna aliyelipima njiani.

Figo zenyewe zipo juu zaidi, nyuma, zimefunikwa kwa sehemu na mbavu za mwisho. Tunapozikagua tunagonga taratibu kwa ngumi pale pembeni, ubavu wa mwisho unapokutana na uti wa mgongo. Mtu mwenye maambukizi ya figo, hata ukigonga kidogo, utamuona anaruka. Mwenye jiwe linaloteremka hawezi kutulia: anakaa, anasimama, anazunguka chumba, hapati mkao. Mwenye maumivu ya misuli ya kiuno anafanya kinyume chake, analala kimya na anaogopa kujigeuza. Yule mama wa mwani, ambaye anainama maji yakiwa magotini kwa saa nyingi, maumivu yanazidi akiinama, na mkojo ni safi, kwa maelezo uliyoyatoa anaelekea kwenye M54.5. Sisemi ndivyo alivyo, kwa sababu sijamgusa. Ninachosema ni kwamba aliyemgusa aulizwe swali moja tu: ulipogonga, aliruka?

Sasa mtoto. Hapa naomba msinione natoka nje ya mada. Mtoto wa miaka 11 katika kisiwa hiki, anayekojoa damu mwisho wa haja ndogo, kitu cha kwanza kukifikiria ni kichocho. Unguja na Pemba tumepigana na kichocho cha mkojo kwa miaka mingi, dawa zimegawiwa maskulini na majumbani, na kati ya 2012 na 2017 kulikuwa na kazi kubwa ya kujaribu kukitokomeza kwa dawa, kwa kuua konokono na kwa elimu ya tabia, kazi ambayo maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi ilishiriki. Kimepungua sana, Alhamdulillahi, lakini hakijaondoka, na maeneo yenye mito na vidimbwi bado yana watoto wanaokoga humo. Kadiri ugonjwa unavyopungua ndivyo kila mtoto mmoja anavyozidi kuwa na uzito katika hesabu. Ukimpa N23 mtoto huyu, umemtoa kwenye kichocho ukamtia kwenye mawe, na wale wanaotafuta ni shehia gani bado ina maambukizi hawatamuona.

Kipimo chake si kigumu. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu ndio wakati mayai hutoka kwa wingi, na ikiwezekana mtoto akimbie kidogo kabla ya kukojoa. Mkojo unachujwa, na chini ya hadubini yai la kichocho cha mkojo lina mwiba mfupi nchani, huwezi kulikosea. Likionekana, msimbo ni B65.0. Kichocho kikiachwa muda mrefu kinaweza kuziba mirija ya mkojo na figo ikavimba kwa maji, kwa hiyo ubavu wake kuuma ni jambo linalowezekana, ila halitangulii mbele ya damu. Kabla ya kipimo, ningefurahi zaidi kuona R31, yaani mkojo wa damu usiofafanuliwa, kuliko N23.

MwenyeMadai

Nawasalimu nyote. Mimi nashughulikia madai ya malipo ya bima katika kituo kimoja cha Unguja, na naomba niweke upande mwengine wa mambo. Tumewahi kurudishiwa madai kwa sababu ultrasaundi imeambatanishwa na msimbo wa dalili badala ya msimbo wa ugonjwa. Aliyeturudishia hakueleza zaidi ya kusema kwamba utambuzi "hautoshelezi". Tangu hapo wenzangu huona ni salama kuandika N20.9, jiwe la mkojo lisilofafanuliwa, mgonjwa yeyote anapokuja na maumivu ya ubavu. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo ilivyo, na nataka kujua Mzee atatushauri vipi, kwa kuwa kituo kisipolipwa hata mashine ya ultrasaundi haitatengenezwa.

MzeeWaFaili

Ndugu MwenyeMadai, nakushukuru kwa kusema wazi, kwa kuwa wengi wanafanya na hawasemi. Ushauri wangu hauna mzunguko: msiandike N20.9 kwa jiwe ambalo hakuna aliyelishuku kwa maandishi. Siku mkaguzi atakapofungua faili akakuta ultrasaundi imeonyesha figo safi na msimbo unasema jiwe, hilo halitaitwa kosa la karani, litaitwa udanganyifu, na sahihi itakayokuwepo ni yako. Ultrasaundi inahitaji sababu, na mshipo wa figo pamoja na damu kwenye mkojo ni sababu tosha. Andikeni N23 kuwa msimbo mkuu, na kama tabibu ameitaja damu kuwa tatizo linalojitegemea, ongezeni R31, kisha muambatanishe maelezo ya tabibu ya sentensi mbili. Dai likirudi, jibuni kwa barua mkinukuu maandishi ya faili. Mimi nimeandika barua za namna hiyo, na zilizokuwa na maelezo ya tabibu ndani yake zilisikilizwa.

Kitu kimoja nilikisahau, BintiMtambwe. Kama mgonjwa ni mjamzito, usiende sura ya 14 kwanza. Maambukizi ya figo katika ujauzito ni O23.0, na sura ya 15 ndiyo inayotangulia. Kabla ya kuandika N10, ambayo ni maambukizi makali ya figo, tazama kama kadi ya kliniki imebanwa nyuma ya faili. Nimeshuhudia ikipitwa.

Na kijana akirudi na picha, usiifute N23 ya siku ya kwanza. Ile ndiyo iliyojulikana siku ile. Ziara ya pili inapata msimbo wake. Kama angekuwa amelazwa, hapo lingekuwa jambo jengine: huduma moja, utambuzi wa mwisho ndio unaotawala.

BintiMtambwe

Ahsanteni sana, Mzee wangu, na wewe Tabibu, na ndugu wa madai. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na habari kamili.

Nilichapisha ukurasa wa sura ya 14 wenye lile kundi la N20 hadi N23, nikampelekea mkuu wangu. Aliusoma akiwa amesimama, halafu akavuta kiti. Amekubali kwamba "maumivu ya figo" peke yake hayatapewa msimbo mpaka tabibu aulizwe, ila akaweka sharti kwamba faili lisikae kwangu zaidi ya siku mbili.

Kijana wa karafuu alirudi Alkhamisi. Ultrasaundi imeonyesha jiwe kwenye mrija wa kulia, na figo imeanza kuvimba kwa maji. Nilikuwa nimeshaandika N20.1, jiwe la mrija, nikakumbuka kusoma maneno madogo yaliyo chini ya N20, nikakuta kwamba jiwe likifuatana na uvimbe wa maji linaondolewa hapo na kwenda N13.2. Nimeandika N13.2 kwa ziara ya pili, na ile N23 ya alfajiri ile nimeiacha mahali pake.

Kuhusu mama wa mwani, nilimuuliza tabibu aliyemuona lile swali la kugonga. Alifikiri kidogo, akasema hakugonga. Alimwita siku ya kliniki, akamkagua upya, akaandika kwa mkono wake "maumivu ya kiuno, ya misuli", na akamuelekeza kwa mazoezi ya viungo. Hilo ni M54.5, na tabibu mwenyewe ndiye aliyeniambia niende nalo.

Mtoto bado. Tabibu amekubali kwamba damu ndiyo tatizo kuu na amebadilisha utambuzi, kwa hiyo nimeweka R31. Aliambiwa arudi saa tano asubuhi kwa kipimo cha mkojo, hakurudi, na nambari ya simu iliyo kwenye faili haipatikani. Tumempigia sheha wa kwao, ameahidi kupita nyumbani kwao kesho baada ya sala ya Ijumaa. Faili lake nimeliweka peke yake kwenye kona ya meza, kando ya hadubini ya maabara, ili asubuhi nikiingia niwe wa kwanza kuliona.